Saa ya Shimoni Huenda Polepole

Mwanza
6 Februari 1994

Kwa Baba Mdogo Odongo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na chaki shuleni kwenu ziwe hazijaisha. Sisi huku tunaendelea, ila maharage ya bwenini yana wadudu wengi kuliko wiki iliyopita, na joto la Mwanza linaweza kumfanya mtu atubu dhambi ambazo hajafanya. Baba ameandika kutoka Utegi. Mtama umestawi, mama yenu Dani anaumwa goti lakini mdomo mzima kabisa. Kila siku anauliza habari za Baba Mdogo Opiyo, maana tangu aende Kerende kuchimba dhahabu zinakuja salamu tu, mwenyewe haji.

Sasa neno lenyewe. Maktaba nimekuta kitabu cha fizikia kilichochanika jalada. Kinasema elektroni moja ikirushwa kwenye ukuta wenye matundu mawili, inafanya kama imepita yote mawili kwa pamoja. Moja, Baba Mdogo! Lakini ukiweka chombo cha kuchungulia imepitia wapi, inapita tundu moja tu kama mtu mwenye adabu zake. Nilimwuliza mwalimu wetu, akasema hiyo haimo kwenye mtihani wa Kidato cha Tano, nikasome springi.

Nimekosa usingizi. Wewe ndiye uliyetufundisha darasa la nne kwamba kuuliza si ujinga, kwa hiyo mzigo huu ni wako. Kitu kimoja kinapitaje milango miwili?

Nisalimie Dada Verdiana wa zahanati, kama bado mnasalimiana tu.

Binti yako mtundu,
Zilpa


Nyansurura, Serengeti
5 Machi 1994

Nyathina, mwanangu Zilpa,

Marahaba. Barua yako ilikaa Mugumu siku nyingi ikingoja basi, na basi nalo lilikuwa likingoja springi. Kwa hiyo mwalimu wako ana akili, soma springi.

Mimi mzima. Darasa langu la sita bado wanagawanya kwa vidole, na vyao vikiisha wanaazima vya jirani. Mvua zimeanza vizuri na ng'ombe wa watu hapa wanang'aa migongo. Wa kwangu angeng'aa pia, ningekuwa naye.

Swali lako ni jepesi. Jirani yangu Mzee Ryoba ana wake wawili na nyumba mbili. Mwulize mke mkubwa mzee alilala wapi jana, atasema hapa. Mwulize mdogo, atasema hapa. Siku moja shemeji yake akaenda kuchungulia. Mzee alikuwa kilabuni. Mwandikie huyo mwenye kitabu aongeze tundu la tatu.

Nilimsomea Verdiana barua yako pale kwenye dirisha la dawa. Alicheka mpaka mgonjwa akasahau homa yake. Halafu akasema, "Huyo mtoto anajua kuuliza. Wapo wakubwa hawajui." Sikuelewa alikuwa anamsema nani.

Na wewe usinichokoze habari za kusalimiana. Mila zetu unazijua. Mimi na Opiyo ni mapacha, lakini yeye alitangulia kutoka, kwa hiyo ndiye anayetangulia kulima, kuvuna, kujenga na kuoa. Mdogo akimruka mkubwa wake, Dani anasema nyumba itaingia laana. Opiyo hajaoa. Kila nikimwandikia, "Oa, ndugu yangu, unanifungia njia," anajibu, "Nikigonga mshipa." Mshipa huo wa dhahabu haugongeki, na mimi mvi zinanichungulia. Tulipishana kuzaliwa robo saa. Robo saa, Zilpa! Hata chai haipoi.

Soma.

Elkana Odongo


Mwanza
27 Machi 1994

Baba Mdogo mpenzi,

Shikamoo tena, na pole kwa mvi. Huku tumefanya mtihani wa nusu muhula. Hesabu nimepata, kemia tusiizungumze. Rafiki yangu Beatrice anakusalimu. Anasema Mzee Ryoba amemsaidia kuelewa kuliko mwalimu.

Kumbe una bahati. Kitabu kile kile kimenipa dawa yako. Kuna sura ya Einstein inayosema muda si mmoja kwa watu wote. Mahali ambapo uvutano wa dunia una nguvu zaidi, saa huenda polepole. Ukishuka chini, saa yako inachelewa kuliko ya aliyebaki juu. Si kwamba imeharibika. Ni muda wenyewe, hata moyo na nywele vinakwenda taratibu. Tena kuna mfano wa mapacha! Mmoja anapelekwa mbali angani kwa mwendo wa kutisha, na akirudi anamkuta ndugu yake mzee, yeye bado kijana.

Nilipofika hapo nilicheka mpaka nikatolewa maktaba. Opiyo yuko chini shimoni. Wewe uko juu, unatembea na chaki yako. Akikaa huko sana, si atakuwa mdogo wako? Na akishakuwa mdogo wako, nani atamngoja nani?

Swali la pili halimo kitabuni. Dada Verdiana alijibu nini ulipomwuliza kama atakubali kukungoja?

Wako,
Zilpa


Nyansurura
8 Mei 1994

Nyathina,

Salamu za hapa ni matope. Gari la barua lilikwama, likakwamuliwa, likakwama mbele kidogo. Afya ninayo, lakini heshima sina tena, na mwenye makosa ni wewe.

Barua yako nilienda nayo Utegi wakati wa likizo. Nilijua nimeshinda kesi. Baada ya chakula cha Sabato, wote wakiwa wameshiba, nikasimama mbele ya Dani, baba yako Okech na Mzee Okal wa ukoo wetu, nikawasomea. Nikaeleza uvutano. Nikaeleza saa. Nikadondosha kikombe kuonyesha dunia inavyovuta, kikavunjika, Dani akasema nitalipa. Nikamaliza kwa sauti ya mchungaji: "Kwa hiyo, wazee wangu, kwa mujibu wa sayansi Opiyo sasa ni mdogo wangu."

Wakatazamana. Nikaona nimewapata. Ndipo Mzee Okal akajikohoza, akasema, "Sisi si watu wa kubishana na vitabu. Tumekubali. Tangu leo Odongo ndiye mkubwa." Nikashukuru. Akaendelea, "Na mkubwa mwenyewe hajaoa. Kumbe ni wewe, bwana, unayemfungia njia Opiyo!"

Mayoo! Baba yako alianguka toka kitini kwa kicheko. Dani akapiga makofi, "Maskini mtoto wangu, ndiyo maana haoi!" Sasa nyumba nzima wananisema kwamba namzuia mdogo wangu kupata jiko. Mpaka watoto wananiita Opiyo, jina la pacha wa kwanza.

Ero kamano, asante kwa fizikia yako. Inatosha.

Kuhusu swali lako la pili, karatasi imeisha. Hii nafasi unayoiona hapa chini ni pambizo.

E. Odongo


Mwanza
29 Mei 1994

Baba Mdogo mkubwa,

Shikamoo mara mbili, moja ya zamani na moja ya cheo kipya. Nimesoma barua yako bwenini kwa sauti na sasa wasichana wote wanamtaka Mzee Okal awe jaji. Mimi mzima. Tunafunga shule katikati ya Juni. Baba amesema nikishafika nyumbani niende Kerende nimpelekee Opiyo samli ya Dani.

Nimeona haya kwa niliyokusababishia, nikakaa nikapiga hesabu yenyewe. Nimechukua shimo la futi mia mbili. Wanasayansi wanasema dunia ina miaka bilioni nne na nusu (usimwambie mchungaji). Ikiwa Opiyo angeshuka shimoni siku ile dunia inaumbwa, asipande hata kula, leo angekuwa amepunguza umri kwa kama robo saa. Yaani mngekuwa sawa. Sare! Kwa hiyo Einstein anasema kweli, ila hatakufaa, labda ungoje kidogo zaidi.

Jambo jingine linanisumbua kuliko hilo. Kitabu kina sheria mbili kubwa. Moja ni ya vitu vidogo sana, zile elektroni na atomu, inaitwa kwanta. Ya pili ni hii ya uvutano, ya nyota na dunia na saa. Zote mbili zimepimwa, zote zinasema kweli. Lakini ukiziweka kwenye hesabu moja zinagombana na jibu linakuwa upuuzi. Mpaka leo hakuna aliyezipatanisha. Kweli mbili zinawezaje kukataana?

Na Dada Verdiana alijibu nini? Safari hii nimekuwekea karatasi tupu ndani ya bahasha.

Zilpa


Nyansurura
12 Juni 1994

Zilpa,

Nimempa kondakta barua hii aifikishe Utegi kwa mkono. Goti la Dani nimesikia limepata nafuu, Mungu ni mwema. Mimi nipo.

Kweli mbili kukataana, wewe hujaona? Mchungaji wetu anasema mbele za Bwana hakuna pacha wa kwanza wala wa pili, anayetaka kuoa aoe. Dani anasema mkubwa kwanza. Mchungaji ni mtu wa kweli, na Dani ni mtu wa kweli. Wakikutana kwenye harusi yangu, jibu linakuwa upuuzi. Mimi nimekaa katikati yao nagawanya namba na watoto.

Ukifika Kerende mwambie Opiyo aoe. Yeyote. Hata mwenye jicho moja, mradi anapumua.

Karatasi yako tupu ndiyo hii ninayoandikia. Sasa nisikutanie. Verdiana ameomba uhamisho kwenda Musoma. Hakuniambia yeye, nimesikia kwa mlinzi wa zahanati. Ijumaa niliandika ubaoni tarehe ya Alhamisi, na watoto waliniangalia tu, hakuna aliyethubutu kucheka. Nina hofu, mwanangu. Akiondoka huyu mwanamke, sijui nitakuwa nafuata nini hapa.

Mwambie Opiyo.

Odongo


Mwanza
17 Julai 1994

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimerudi shuleni salama. Utegi wote wazima. Dani anatembea mpaka kisimani na kurudi akigombana na kila anayemkuta njiani. Kikombe anakukumbusha.

Kerende nilifika. Maturubai yamesambaa mpaka ndani ya mashamba ya watu, wanawake wanatwanga mawe pale ambapo ungetazamia watwange mtama, na redio zote zinaimba kwa pamoja nyimbo tofauti. Shimo wanaliita duara ingawa ni la mraba. Nilipouliza kwa nini, Mzee Mogesi mwenye shimo akaniambia nisiwaletee shule. Opiyo alipanda juu akiwa mweupe wa vumbi kichwa mpaka kucha, macho tu ndiyo meusi. Neno la kwanza alilosema ni, "Odongo hajambo?" Nikataka kulia, maana ni sauti yako kabisa.

Ujumbe wako nilimpa. Alicheka, halafu nikapewa ugali mzuri wa mtama na kuku wa kienyeji. Mengine niliyoyaona niliahidi kutosema. Mimi nikiahidi, unanijua.

Kwa hiyo tuzungumze fizikia. Kitabu kinasema mfungie paka ndani ya sanduku pamoja na sumu, ambayo inaweza kumwagika au isimwagike, kutegemea atomu moja tu itafanya nini. Sanduku likiwa limefungwa, hesabu za kwanta zinasema paka yu hai na amekufa, yote mawili. Ukilifungua ndipo anakuwa kimoja. Lakini swali langu ni gumu zaidi. Tuseme kuna mtu amekwisha kulifungua sanduku, amemwona paka, amejua. Akaapa asiseme. Wewe uko nje hujui. Je, kwako paka bado ni yote mawili? Na huyo aliyeona afanye nini, ikiwa anayeumia kwa kutojua ni mtu anayempenda?

Mfikirie sana paka huyu, Baba Mdogo. Ni dume. Tena ana umri wako kamili.

Zilpa


Nyansurura
7 Agosti 1994

Zilpa,

Hatujambo, ila mimi nimekasirika. Nimekutuma kwa ndugu yangu, umeniletea paka! Hapa Nyansurura paka akiingia sandukuni amefuata panya, na akitoka tunamjua kwa mdomo wake. Yu hai na amekufa, ala! Hiyo samli uliyombebea Opiyo hukuila wewe njiani ukavimbiwa?

Nilikuuliza neno moja. Ataoa au haoi? Huyo mlinzi anasema majibu ya uhamisho yanakuja mwezi ujao. Verdiana mwenyewe hasemi kitu. Juzi nilipeleka mtoto wa shule aliyejikata jembe, akamfunga kidonda, akaniuliza kama nina shida nyingine. Nikasema sina. Akafunga dirisha. Unaona ninavyoishi? Na wewe unaniletea mafumbo ya wazungu.

8 Agosti. Bado sijaituma. Leo nilikuwa nafundisha mgawanyo, nikaacha namba katikati ya ubao na chaki mkononi. Dume. Umri wangu kamili.

Zilpa, nani alipika ule ugali?

Odongo


Mwanza
28 Agosti 1994

Baba Mdogo mpenzi,

Shikamoo, na asante sana kwa kuelewa. Nilikuwa karibu kukuandikia paka wa pili. Huku sote wazima. Tunaingia Kidato cha Sita na hofu inatunenepesha.

Niliahidi kutosema. Lakini mtu akishafungua sanduku mwenyewe, naona kiapo changu kimebaki hakina cha kulinda. Ugali ulipikwa na Wankuru. Ni Mkurya wa Genkuru, mrefu, mwenye maneno, na aliponiona alinikumbatia akisema mimi ndiye binti yake wa kwanza. Yeye na Opiyo wana watoto wawili. Mkubwa ataanza darasa la kwanza mwakani. Ana masikio yako.

Baba Mdogo, mkubwa wako ameoa siku nyingi. Ule mlango ulioketi mbele yake ukingoja ufunguliwe ulikuwa wazi.

Sasa naomba radhi kabla ya kosa. Nimekuuliza mara mbili Dada Verdiana alijibu nini. Kwanza karatasi iliisha, halafu nikakutumia karatasi ukaandika mengine. Nadhani hukumwuliza. Umeniandikia juu ya mila, Dani, mchungaji, Opiyo, mpaka mlinzi wa zahanati. Mwenyewe Verdiana sijaona mahali umemwambia neno. Naona unaogopa hapana. Usipouliza, unabaki na ndiyo na hapana zote mbili mfukoni, na unaweza kutembea nazo hivyo maisha yote. Elektroni inavumilia mambo hayo. Yeye ni mtu, na yeye pia ana miaka yake inayokwenda.

Ukinikasirikia, nikasirikie baada ya kwenda zahanati.

Binti yako anayekupenda,
Zilpa


Nyansurura
9 Oktoba 1994

Nyathina,

Marahaba. Mimi mzima, na Utegi nimewaacha wazima. Barua hii imechelewa, najua. Barua yako niliisoma mara moja, nikaiweka chini ya godoro nisiione. Nilikukasirikia kabla ya kwenda zahanati, tena siku kadhaa. Wewe mtoto una ulimi wa Dani.

Kwanza nilikwenda Kerende. Opiyo alipoibuka kwenye lile duara lenu la mraba akanikuta nimesimama juu, alitaka kurudi chini. Nikamwambia, "Usishuke, utazidi kuwa mdogo." Hakuelewa, lakini tulicheka, halafu tukashindwa kucheka. Nikamwuliza kwa nini amenificha. Akasema, "Ningemleta kwa mama na mahari sijatoa hata kwato moja. Ningesema nini?" Na barua zangu je, za kumwomba aoe? Hapo ndugu yangu aliangalia pembeni. "Tangu tuko watoto unanitania. Uliandika nakufungia njia, nikamsomea Wankuru tukacheka wote wawili. Ningejuaje kwamba safari hii unalia?"

Ni kweli, Zilpa, sijawahi kumwambia mtu jambo zito bila kulifunga ndani ya kicheko. Nilishika mtoto wake mdogo, akanikojolea, nikaona ni haki.

Nikaenda Utegi kumwambia Dani. Nilimweleza pole pole, nikamalizia kwamba kwa mila ni kama Opiyo hajaoa bado, maana ng'ombe hawajatoka. Dani akanitazama. "Na huyo anayempikia ugali miaka yote hiyo ni nani? Fizikia? Ng'ombe watatafutwa. Opiyo ameoa. Ondoka mbele yangu."

Basi nikawa sina mtu wa kumsingizia. Sheria zote mbili zimeniruhusu, na bado sikwenda. Hapo ndipo nilipojua kwamba ulisema kweli. Niliipenda mila kwa kuwa mlinzi wangu mlangoni, Zilpa. Ilinisaidia nisiulize.

Jumatatu jioni nilikwenda kwenye dirisha la dawa. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, yenye mapacha ndani yake na elektroni mbili tatu. Verdiana alikuwa anahesabu vidonge kwenye kisahani. Nikafungua mdomo, hotuba yote ikatoka kwa neno moja: "Utakubali nikuoe?" Hakuinua macho. Alihesabu mpaka mwisho, akavifunga kwenye karatasi, akampa mama aliyekuwa nyuma yangu, ambaye simsahau maana alisahau kuondoka.

Akasema, "Uhamisho umekubaliwa. Naondoka mwisho wa mwezi."

Nikasema haya. Nikageuka. Nilitaka kufika hata nyuma ya choo cha zahanati, nilie huko.

"Mwalimu," akaita. "Sijamaliza. Musoma hakuna shule za msingi?"

Nikasema zipo.

"Basi omba na wewe. Na usisubiri mtu akutangulie."

Barua ya uhamisho niliiandika usiku ule ule na kuipeleka Mugumu mwenyewe kwa baiskeli. Ndiyo maana hii yako imekuwa ya pili.

Baba yako mdogo,
Elkana Odongo